Matundu Manne Nyuma ya Kabati

Juzi, tukipaka rangi nyumba yetu ya Ngara mjini, nilisogeza kabati la chumba cha nyuma nikakuta matundu manne ya skrubu ukutani. Harufu ya mahindi ikanirudia.

Nilipokuwa mdogo, Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Kasulo kukaa nasi wakati wa baridi, akaja na mahindi yake ya mbegu. Kwake aliyatundika juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Kwetu aliyatundika juu ya hita ya umeme iliyofungwa kwa skrubu nne ukutani, katika chumba hicho cha nyuma alikolala. Hita haina moshi, lakini nani alimwambia? Nilipoinusa harufu ya maganda yakibabuka, nilidhani anatuchomea mahindi, nikafurahi.

Mchana huohuo baba alileta fundi kuihamishia hita sebuleni. Drili ililia, vumbi la saruji likatua kitandani kwa Bibi.

"Moto wangu mnaupeleka wapi, mwanangu?"

"Sebuleni, Mama. Wageni wanasikia baridi," baba alijibu, akitazama sakafu.

"Kumbe bora ningekuja kama mgeni," Bibi alisema, akacheka peke yake.

Niliamini baba amemnyima joto ili aondoke. Kesho yake Bibi alifunga mahindi yake kwenye kanga, akaondoka. Hakurudi tena.

Sasa najua baba aliona haya kumwambia mama yake kwamba angeiunguza nyumba. Juzi nilimwuliza: heshima gani ile, iliyomrudisha Bibi Kasulo akiamini hatakiwi?

Baba alichukua saruji kidogo, akaanza kuziba matundu kwa kidole.