Jeshi la Nadir Lililotolewa Sadaka

Askari wa Nadir hawakuwa na nyuso. Aliyewaona kwa mara ya kwanza alidhani hawajakwisha, maana kila kitu kingine kilikuwa kamili: ngao, mikuki, podo za mishale, hata mikunjo ya vilemba. Sababu ilikuwa mama yake. Bi Ghanima alimkuta siku moja akianika kikosi kizima cha watu wadogo dirishani, urefu wa kidole gumba kila mmoja, akamwambia kuwa nyumba yenye sanamu malaika hawaingii. Nadir hakubishana. Aliwachukua, na siku chache baadaye akawarudisha nyuso zimelainishwa kama maganda ya mayai.

"Na hawa, mama?"

Bi Ghanima aliwageuzageuza mkononi. "Hawa sijui ni nini," akasema, akaingia jikoni. Kwa Nadir hiyo ilikuwa ruhusa tosha.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika zahanati moja mjini Tanga, na plasta, ule unga mweupe wa kutolea chapa za meno, iliyobaki kazini ndiyo iliyozaa jeshi. Mchezo wenyewe aliujulia kwenye simu, akiwatazama watu wa nchi za mbali wakipigana vita juu ya meza. Akatengeneza wa kwake hapo mtaani kwao Usagara. Plaiwudi ikawa nchi, pumba za mbao na gundi zikawa vilima, na rangi ya samawati ikawa mto. Kila mchezaji huja na jeshi lake, akawasogeza watu wake zamu kwa zamu, na kila hatua hupimwa. Dadu hazikuingia nyumbani kwa Bi Ghanima, wala pesa haikuwekwa mezani. Anayeshambulia huchomoa kifungo kutoka mfukoni bila kuangalia: cheupe amepiga, cheusi amekosa.

Futi ya kupimia ilikuwa ya dada yake, Buthaina, aliyekuwa fundi cherehani. Mfuko wa vifungo aliushona Buthaina, na vifungo vilikuwa vyake pia. Basi hata kabla hajaombwa alijikuta ndiye mwamuzi, akiinama juu ya meza na futi shingoni huku wanaume wazima wakimbembeleza.

"Dada Buthaina, kaza futi kidogo. Hiyo umeilegeza."

"Nikaze niichane? Mtu wako hafiki. Mrudishe."

Sheria moja Nadir hakukubali ijadiliwe. Askari akianguka analazwa ubavu, na hapo alipolala haguswi na mtu mwingine. Mwenye jeshi mwenyewe ndiye amwinue na kumwondoa. "Maiti ana wenyewe," alisema, na watu walicheka.

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Iddi Kubwa, palikuwa na shindano uani kwao. Walikuja watu kutoka Pangani na majeshi ya vifuu vya nazi, na kutoka Muheza alikuja Zebedayo, muuza machungwa, na jeshi alilolichonga kwa matawi ya mchungwa. Zebedayo hakuwahi kumshinda Nadir. Kila mwaka aliondoka akisema kuwa mti wake ulikuwa mbichi.

Kisha figo za Nadir zikaanza kuchoka. Hospitali, alipokuwa hana nguvu ya kuinua hata gilasi, alimshika dada yake mkono. "Shindano lisilale, dada. Zebedayo atafurahi mno."

Buthaina alicheka, na akaahidi. Wiki ile ile Mwenyezi Mungu akamchukua mja wake.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa watu wa hitima. Buthaina alikuwa uani, macho yamejaa moshi, akisimamia masufuria ya pilau. Ndani, Bi Ghanima alifungua sanduku la mwanawe ili vitu vyake vitolewe sadaka, thawabu zimfikie alipo. Kanzu zikapata wenyewe, na viatu, na saa. Chini kabisa sandukuni, wamelala katika pamba, walikuwamo askari.

"Na hawa, Bi Ghanima?" mtu akauliza.

"Chukueni. Kila mmoja na wake. Mumwombee mwanangu."

Buthaina alipoingia na sinia la kwanza aliliona sanduku liko wazi na pamba imebaki tupu. Akaliweka sinia chini. Atasema nini, na watu wote wale mikono iko juu wanamwombea ndugu yake rehema?

Iddi Kubwa ilipokaribia, Zebedayo alipiga simu. Sauti yake haikuwa ya kuchangamka kama ilivyo siku zote.

"Dada, mimi naogopa hata kuuliza. Mwaka huu tunakuja, au ndiyo basi?"

"Mnakuja," alisema Buthaina, akakata simu kabla hajaulizwa kwa jeshi gani.

Jioni hiyo alimfuata mama yake, aliyekuwa amekaa juu ya msala bado, tasbihi mkononi.

"Mama, wale askari wa Nadir. Nikipita kwa watu nikawaomba..."

"Umesahau uliyosoma chuo cha Kurani?" Bi Ghanima hakupandisha sauti. "Mwenye kurudia sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake."

"Basi niwanunue."

"Sayyidna Omar alimtoa farasi kwa ajili ya Mungu, akamkuta anauzwa, akataka kumnunua. Mtume alimkataza. Farasi yule alikuwa wa vita kwelikweli, Buthaina, si wa plasta."

"Kuazima tu, mama. Siku moja."

"Kuazima ni kuirudia kwa mlango wa uani." Tasbihi ikasimama. "Mimi sina kingine cha kumpelekea mwanangu. Nilichokwisha kumpelekea usikivute."

Buthaina alitoka akakaa mbele ya cherehani yake bila kushona. Mama alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomkaba. Ahadi alimpa marehemu, na sadaka ilitolewa kwa ajili ya marehemu huyo huyo. Ukiishika moja unaivunja nyingine. Alijua jeshi jingine lingeweza kutengenezwa, kwa gundi na vijiti. Lakini shindano aliloahidi lilikuwa na watu wale wasio na nyuso upande wa kulia wa meza, wapanda punda mbele. Nadir aliwapenda punda kuliko wote. "Farasi kila mtu anao," alikuwa akisema.

Kesho yake alipanda bajaji ya Uweso, kijana wa mtaa wa pili, apeleke nguo za mteja. Mbele ya usukani, amegandishwa kwa gundi, alisimama mpanda punda. Buthaina alimtazama mpaka Uweso akamwona.

"Unamtaka, dada?"

"Hapana. Ni wako. Nadir atapata thawabu zake kwako."

"Wangu, ndiyo. Ila sijui kazi yake." Uweso alikwepa shimo. "Tangu nipewe amekaa tu hapo kama diwani mstaafu. Marehemu alikuwa akimfanyisha nini?"

Buthaina akaanza kumweleza jinsi punda wanavyozunguka mto, na jinsi wanavyosimama mbali na wapiga mishale. Walipofika, Uweso hakuzima injini wala hakuondoka.

"Sasa si nije naye mwenyewe siku hiyo? Sikupi, usinishike vibaya. Nakuja na mtu wangu, nampigania mimi, naondoka naye."

Buthaina alimwangalia kama mtu aliyeonyeshwa sindano aliyoitafuta siku nzima, kumbe imechomekwa kwenye kola yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo akawa anapita nyumba kwa nyumba, na neno lake lilikuwa moja: sikuombi kitu, nakualika wewe. Askari aliwakuta mahali pa ajabu. Mmoja alikuwa juu ya televisheni, amevishwa kikofia cha uzi. Mwingine alizuia mlango wa kabati usifunguke. Wapiga mishale wawili walikwisha kwenda Dar es Salaam katika mkoba wa mgeni. Na kwa Bi Asmahani, muuza maandazi, mbeba ngao alikaa kabatini katikati ya gilasi za sikukuu.

"Nije naye vitani?" Bi Asmahani aliuliza. "Atauawa?"

"Huenda akalazwa, shangazi. Hafi."

"Alazwe na nani?"

"Pengine Zebedayo."

"Yule wa machungwa chachu? Basi haji!" Akaufunga mlango wa kabati.

Jumamosi ilipofika, Buthaina aliweka meza uani chini ya turubai lile lile waliloazima wakati wa matanga. Bi Ghanima hakumkataza, wala hakumsaidia. Alikaa jikoni akichambua mchele, mgongo dirishani. Watu wa Pangani walifika mapema. Zebedayo alifika na gunia la machungwa na boksi la askari, akamwamkia Bi Ghanima mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kisha akaingia uani, akaiona meza. Upande wa kushoto ulijaa askari wa vifuu. Upande wa kulia palikuwa na plaiwudi tupu.

"Dada, tukianza na wa Pangani..."

"Subiri."

Mchezo wa watu wa Pangani ulichezwa, ukaisha. Wengine wakacheza. Adhuhuri iliadhiniwa, wanaume wakaenda msikitini, Zebedayo akabaki kuilinda meza. "Nendeni mkaombe sana," aliwaambia. "Mkirudi mtakuta nimeshinda." Hakuna aliyecheka kwa nguvu, maana utani ule alizoea kumpigia mtu mmoja. Buthaina aliswali chumbani, na katika sijida hakuomba shindano. Alimwomba Mola ampe moyo wa kuvumilia upande ule ukibaki mtupu.

Alipotoka, honi ya bajaji ilikuwa inalia mlangoni.

Uweso aliingia na mpanda punda kiganjani, kipande cha gundi bado kimemning'inia kwatoni. Nyuma yake walikuwapo wengine waliotoka naye msikitini, mmoja akimtoa wa kwake katika mfuko wa kanzu. Yule mwenye kikofia cha uzi akaja na kikofia chake. Wanawake waliingia kwa mlango wa uani, wakakaa mkekani, wakawapitisha watu wao kwa mkono. Mwisho akaja Bi Asmahani, kafungia kitu kwenye pindo la leso.

"Nimekuja kutazama tu," alisema, akakifungua.

Hawakutimia. Mahali pa wale wawili wa Dar es Salaam, na pa wengine ambao wenyewe hawakutokea, Buthaina aliacha wazi, hakujaza kitu. Hata hivyo jeshi lilisimama.

Taabu ikaanza hapo, kwa sababu jeshi lilikuwa na majemadari wengi kama askari.

"Wangu aende mbele!"

"Wako ana mkuki, mbele anakwenda mwenye ngao!"

"Mwenye ngao haendi popote," alisema Bi Asmahani. "Akae hapo kivulini, kwenye kilima."

"Shangazi, vita si baraza la maandazi!"

"Na wewe, Uweso, punda wako mwendeshe kama hiyo bajaji yako, tuone kama hatatumbukia mtoni."

Zebedayo alikaa na mikono kifuani, akicheka hadi machozi. Zamu ilikuwa yao na hakuna aliyesogea. Buthaina alishika futi bila kujua apime wapi. Mwamuzi haruhusiwi kuwashauri wachezaji.

"Nadir asingeanza na ngao."

Sauti ilitoka dirisha la jikoni. Bi Ghanima alikuwa amesimama, ungo wa mchele ungali mikononi. Uani kote vichwa vikageuka.

"Angewapeleka punda kwanza," alisema, "kwa huku nyuma ya mto. Ngao anaziacha hapo ili huyu adhani zitakuja. Kila mwaka huyu anadhani zitakuja."

Zebedayo aliinuka nusu kitini. "Mama! Kumbe ulikuwa unatazama?"

"Dirisha langu lina macho? Nilikuwa napika."

Buthaina alimwangalia mama yake. Miaka yote hiyo alidhani ule mgongo dirishani ni mgongo wa mtu asiyetaka kuona.

Punda wakapita nyuma ya mto. Zebedayo alipoteza watu wengi, na palikuwa na wakati ambapo kila mtu aliona kwamba mambo yatakuwa yale yale ya kila mwaka. Kisha Uweso akachomoa kifungo cheusi, na baada yake cheusi kingine. Mstari wao ukakatika. Mbeba ngao wa kilimani alilazwa wa mwisho.

Zebedayo akawa ameshinda. Alibaki ameduwaa, mkono juu ya meza.

"Nilitaka kumshinda yeye," alisema.

Bi Ghanima alikuwa amekwisha toka jikoni. "Yeye angekwambia umebahatisha vifungo," akamjibu. "Kula chungwa lako, mwanangu."

Kicheko kilianzia mkekani kikaenea. Hata Zebedayo alicheka, huku akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Walioanguka walikuwa wamelala kwa ubavu nchi nzima, na kwa sheria ile hakuna aliyewagusa ila wenyewe. Wakasogea mmoja mmoja. Uweso alimwinua mpanda punda wake, akamfuta vumbi. Bi Asmahani alimrudisha wa kwake katika pindo la leso, akafunga fundo mara mbili. Kila aliyeinua alisema, "Mungu amrehemu Nadir," na Buthaina, aliyekuwa hajaweza kuliitikia neno hilo tangu siku ya maziko, aliitikia amina, mara kwa mara, mpaka meza ikabaki tupu na sadaka ya mama imerudi yote mikononi mwa wenyewe.

Watu walipokwisha kuondoka alianza kufungua kamba za turubai.

"Mama, nikimaliza hapa nitaivunja meza, nirudishe mbao stoo."

Bi Ghanima alikuwa akipandisha mikono ya nguo yake, anakwenda kutawadha kwa alasiri.

"Turubai ni la watu, lirudishe," alisema. "Meza isukume tu ukutani, karibu na dirisha."