Kahawa ya Wayua, Kibao cha Ndululu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbuvi Kiema amepiga magoti chini ya mti wa mukau, kiganja kimejaa matunda meusi ya kahawa mwitu, kila moja dogo kuliko punje ya mahindi. Analiminya moja. Mbegu mbili zinateleza nje, bado zina ute. Hazianiki juani. Anazichomeka kwenye udongo zikiwa mbichi hivyo hivyo.

Kila akipanda tano, sita, anainua kichwa na kutazama ng'ambo ya bonde. Huko, kwa jirani yake Ndululu, kuna neti ya kivuli, tangi jipya la maji na kibao cha chuma kilichoandikwa kwa rangi ya kijani: Kitalu cha Kahawa Mwitu.

"Kibao kinang'aa, si unaona?" anasema. "Chini yake hakuna hata jani."

Mbuvi, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anaishi mlimani juu ya soko la Tawa, kaunti ya Makueni. Riziki yake ni miche ya maembe na mapapai, shilingi hamsini mmoja siku ya soko. Kahawa hii haiuzi. Ilipandwa na marehemu mkewe, Wayua, aliyeokota matunda yake korongoni akitafuta kuni.

Si ile kahawa ya viwandani. Kiangazi kikikaza inapukutisha majani, unadhani imekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha, siku ya tano inachanua yote kwa pamoja na harufu inafika barabarani.

Watu walicheka. Ndululu alikuwa akisema mbele ya waumini kwamba Wayua, Mama Kasiva, analima vichaka. Wayua akaendelea kuimwagilia maji ya kuoshea vyombo hadi alipofariki miaka minne iliyopita. Wachoma makaa wakaimaliza ile ya korongoni. Wakubwa wa ofisini walikuwa wapi? Walikuwa mkutanoni.

Mwaka jana watu wa mradi wakaja na magari mawili, wakitafuta zao la kuvumilia ukame. Wakaisifu miti kumi na mmoja ya Wayua, wakapiga picha, wakabeba mavuno yote, ndoo moja na nusu. Mbuvi akangoja aletewe kitalu.

Kitalu kikaenda kwa Ndululu, pamoja na ile ndoo moja na nusu. Yeye ana cheti cha shamba, na gari linafika mlangoni. Shamba la Mbuvi bado liko kwa jina la babake, na njia yake ni ya punda.

"Nilimwonea wivu sana," anakiri. "Kanisani naenda kila Jumapili, lakini huyo hata salamu nilimnyima."

Ukambani mbegu ya ndengu au kunde huanikwa mpaka ilie chini ya jino, halafu inapakwa jivu isiliwe na wadudu. Ndululu akafanya alivyofunzwa na mamake. Siku tisa alianika kahawa ya Wayua kwenye turubai. Afisa wa mradi alipita, akaandika kitabuni kwamba mkulima huyu ni msafi, akaenda zake.

Mbuvi aliona yote. Alijua kahawa hii ikikauka imekufa, maana Wayua alikosea hivyo hivyo mwaka wa kwanza. Angeita tu, sauti ingefika ng'ambo. Hakuita.

"Nilikaa kwa stuli yangu nikasema, wacha ikauke. Wacha sasa kibao kiote."

Ndululu alijaza udongo kwenye pakiti mia sita. Hakuna hata moja iliyoota. Kisha kiangazi kikaua miti minne ya Wayua, na mbegu za kuirudisha ndizo zile zilizoanikwa.

"Nilidhani namchomea Ndululu nyumba," Mbuvi anasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Kumbe nyumba ni yangu."

Juma lililopita Ndululu alikuja, kofia mkononi.

"Baba Kasiva, wakubwa wanarudi mwezi ujao. Nifunze."

"Kwani wakubwa wako hawajui?"

"Wanajua rangi ya kibao."

Walicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi ya Wayua. Mbuvi akamwambia atamfunza, ila jina la Wayua liandikwe pale juu. Ndululu akasema kibao ni cha ofisi, akikigusa atashtakiwa. Akarudi kwake mikono mitupu.

Sasa Mbuvi amebakisha nusu ya matunda ya miti saba iliyobaki, ameyafunga kwa gunia lenye unyevu. Yanaweza kungoja wiki tatu, si zaidi.

"Wivu bado ninao, sitakudanganya," anasema. "Akija na rangi na brashi, mbegu hizi ni zake. Asipokuja, nitazipanda kando ya barabara, pale gari lao linapopinda. Miaka mitatu nitangoja. Mvua ikinyesha, siku ya tano wapite hapo, wafungue madirisha, waulize harufu hii ni ya nani."