Siku Nilipomwombea Ng'ombe wa Baba Mkwe

Ndugu zangu, kuna aibu ya mtu kuteleza sokoni siku ya matope, akajipangusa na kwenda zake, na kuna hii yangu, ambayo wageni wakija nyumbani watoto wangu huomba niisimulie.

Miaka ile nilikuwa mtu mashuhuri, jina langu likijulikana kutoka Chepseon mpaka Sigowet (pengine mpaka Ulaya, sikwenda kuuliza). Jumamosi nilichekesha wachuma chai katika kumbi za kambi, na cheti changu cha masomo ya ngumbaru kilinipatia safu ya vichekesho gazetini. Kipaji changu kilikuwa kuiga watu.

Sasa, Jumamosi moja vichekesho vikaniishia katikati, watu wananitazama kama ng'ombe wanaotazama gari likipita, nikaamua tu hapo hapo nimwige Mzee Arap Tonui anavyoomba. Huyu alikuwa mzee wa kanisa kule Kaplong, tena baba yake Raeli, msichana niliyemtaka, na kwa ajili ya Raeli nilikuwa nimesikiliza maombi yake kuliko malaika. Anakohoa kwanza. Anaomba mvua. Halafu anamwombea ng'ombe wake Chelel, chuchu ya nyuma upande wa kushoto, kisha anamalizia kama mtu anayegombana na karani wa kupima majani ya chai: "Na usijifanye hukusikia, Bwana." Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka dirishani. Tangu hapo kila kambi ikawa, "Tupe Chelel! Tupe Chelel!" nami nikawapa mwaka mzima, nikijua mzee hakanyagi ukumbini, kwake hiyo ni nyumba ya shetani.

Siku ya posa tukaenda Kaplong, mimi, baba yangu mdogo Kiprono na wazee wawili. Desturi yetu mnaijua: mkikubaliwa, kibuyu cha mursik kinatolewa, maziwa yale yaliyolala na mkaa, mnakunywa, mambo yamekwisha. Msipokubaliwa mnarudi na kiu. Kibuyu chenyewe nilikiona mlangoni mwa jikoni, mkononi mwa mama Raeli, kinangoja.

Mzee akanipima kwa macho. "Nasikia wewe ni mtu wa mchezo."

"Kidogo tu, mzee."

"Binti yangu haolewi na mtu asiyemjua Mungu. Hebu tuombee."

Nikasimama, nikafumba macho. Kichwani hamna neno, hata Baba Yetu ilinitoroka, na mdomo ukiachwa peke yake hufanya ile kazi uliyoizoea. Nikasikia mtu anakohoa. Ni mimi. Nikasikia sauti nzito ya mzee inaomba mvua, nikasema moyoni nyamaza wewe, lakini ilikuwa imeshaingia zizini: "Na Chelel wetu, Bwana, ile chuchu ya nyuma, upande wa kushoto..." Kiprono akanivuta koti. Nikamaliza hivyo hivyo (kazi ni kazi): "Na usijifanye hukusikia, Bwana. Amina."

Kisha mama Raeli akapasuka kule jikoni, kicheko cha mtu aliyekibana tangu aolewe, wazee wangu wakafuata, Kiprono akatoa machozi. Hakuna ukumbi ulionicheka vile.

Mzee peke yake hakucheka. "Chelel tulimchinja Krismasi," akasema. "Maombi yako yamezeeka. Keti usikie mapya."

Akasimama, akakohoa, akaomba mvua, akaombea ndama, akashuka mpaka kwangu: "Na huyu kijana, Bwana, umpe kazi ya maana, kwa sababu binti ameshamtaka na sisi tumeshindwa. Na usijifanye hukusikia."

"Amina!" nikaitikia kabla ya wote, na kibuyu kikaja.

Pale pale niliapa sitamwiga tena mtu mwenye binti, na kiapo nimekitunza hata baada ya kuoa. Lakini mzee naye ana lake. Chakula kikiwekwa kwake ni lazima niombe mimi, nami naomba kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba kama ya kifaranga, Raeli akinikanyaga mguu chini ya meza, na yule mzee wa kanisa, aliyefundisha kijiji kizima kuomba, hafumbi macho.