Tela Lisilo na Baraza

Nikiulizwa kama niliwahi kujenga nyumba nyingine kabla ya hii ya Lipangalala, husema sikuwahi. Niliwahi. Ilikuwa na magurudumu mawili, na mpaka leo sipendi kuisimulia.

Baada ya vita jeshi liliuza vitu vyake chakavu, na miaka ya hamsini ilipoanza bado ungevikuta Morogoro vimelala juani. Nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa mpunga wa Ifakara, kwa hiyo safari za huko zilikuwa zangu. Nikaliona tela la kijani, chuma kitupu, kutu kidogo tu pembeni. Nikalinunua, nikalifunga nyuma ya lori na kurudi nalo nikipiga honi kila kijiji.

Sababu nilikuwa nayo. Kwetu bondeni, mpunga ukianza kutoa masuke, familia huhamia shambani kulinda ndege na kulala kwenye dungu, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya maji. Kila mwaka unajenga, kila mwaka kinaoza. Nikajiona mjanja kuliko bonde zima. Langu litakuwa dungu la kudumu, la kuvutwa na lori.

Nilisimamisha fremu ya mninga juu ya chuma, nikaziba kuta kwa mbao za masanduku, na juu nikavuta turubai la jeshi nililolipaka mafuta lisivuje. Mlango niliuweka nyuma, pamoja na ngazi fupi. Halafu kitanda. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, nikataka alale kwa nafasi, basi nikakipima kutoka ukuta hadi ukuta na kukipigilia misumari. Chini yake yalikaa magunia na sufuria. Ukifungua mlango, unakanyaga ubao mmoja, unaofuata ni kitanda. Tulipofika shambani Namawala watu walikuja kutazama, nami nikawa nafungua na kufunga mlango kama mwenye duka. Hakuna aliyenikosoa.

Mimba ilipokuwa kubwa tulimwita mama mkwe kutoka upande wa Mahenge aje amzalishe bintiye. Alifika mchana mmoja wa masika, mvua inamimina, amejifunika jani la mgomba. Mke wangu alikuwa ndani, uchungu umeshamshika tangu asubuhi. Nikachuchumaa kando, macho chini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba.”

Nikafungua mlango kwa mbwembwe, kisha nikasogea mbali ili apite. Alipanda ngazi, akatazama ndani, akashuka. Akasema na bintiye, si na mimi.

“Mwanangu, hiki ni chumba chenu cha kulala. Nyumba iko wapi?”

Kwetu mama mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, wala hakai penye kitanda chake. Jambo hilo nililijua tangu utoto. Mwenye kibanda kibovu kabisa hutenga mahali pa mbele pa kumkaribishia mkwe. Hata kwenye dungu mkeka hukunjwa asubuhi, pakawa pa watu wote. Mimi peke yangu, fundi mkubwa, nilijenga nyumba ambayo yote ni kitanda.

Nikamwomba mke wangu amwambie kwamba mimi nitaondoka, nitakwenda hata Idete, ili yeye aingie.

“Mwambie akiondoka yeye, kitanda kinabaki,” mama mkwe akajibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alibaki amesimama mvuani, anatetemeka, mtu mzima yule.

Mke wangu ndiye aliyemaliza ubishi. Alishuka ngazi mwenyewe, ameshika ukuta, akainama na kuingia chini ya tela, katikati ya magurudumu. Mama yake akamfuata. Maji yalikuwa yakipita hapo hapo walipokaa. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barabarani. Nikajiambia, wakifa hawa, nimewaua kwa kitanda.

Nikawasukumia magunia watandike. Kisha nikapanda juu, nikakata kamba, nikang'oa turubai na kuliteremsha ubavuni liwakinge na upepo. Mvua ikaingia ndani ikalilowesha godoro la sufi, sikujali. Nikaenda kusimama mbali kwenye tuta, kama inavyompasa mwanamume, nikisikiliza.

Jua lilikuwa halijazama mtoto alipolia. Mama mkwe akatoka kwa kutambaa, matope hadi mapajani, akanionyesha msichana ndani ya khanga.

“Mtoto mzima, mama mzima, baba.”

Nilimshukuru nikitazama miguu yake, masikio yanawaka kwa aibu.

Tulipompeleka mtoto kubatizwa Ifakara, wanawake walimzunguka bibi yake nje ya kanisa. Mmoja akauliza mjukuu kazaliwa wapi, maana walisikia tulikuwa shambani. Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika mzigo wake, nikangoja aniseme. Nilistahili, na nadhani ningepumua.

“Kwa baba yake,” mama mkwe akasema. “Ndani, pakavu, kitandani.”

Wanawake wakanigeukia. Wakanisifu kwa kumtunza mke wangu vizuri, nami nikawaambia asante.