Hotuba Niliyomtungia Nahodha

Mama alikuwa anachambua mchele, nami nimeiegemeza simu kwenye kopo la sukari ili sote wawili tuone. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya kriketi, huko ugenini, kwa kuwa nahodha mwenyewe aliumia goti. Mama mchezo wenyewe haujui. Alichojua ni kwamba mwanawe yupo kwenye kioo, na kila alipotokea aliuacha ungo akasema, "Amekonda."

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa mwingine. Walipokuwa wanajiandaa na safari, kiongozi mmoja wa timu alimwita pembeni akamwambia kuwa nahodha husimama mbele ya kamera kila mechi ikiisha, azungumze Kiingereza, na nchi isije ikachekwa. Akijitahidi, unahodha utakuwa wake moja kwa moja. Sasa mdogo wangu kriketi anaijua, lakini Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Akaja kwangu, maana dada yake ndiye mwalimu wa Kiingereza wa sekondari.

"Dada, wewe nitungie tu. Nitahifadhi."

Na kuhifadhi anaweza. Chuoni, kwenye Kurani, alikuwa akisomewa leo, kesho anakurudishia yote bila kukosea. Nikamrekodia kwenye simu, sentensi moja moja, akawa anatembea nazo masikioni mpaka kijiji cha Makurunge na kurudi. Ilikuwa hotuba ya adabu: kuwapongeza wapinzani, kukiri makosa yetu, kuahidi kujirekebisha. Nilijisifu kimoyomoyo.

Basi wakashinda. Tena waliwashinda watu ambao kila mtu alisema watatutafuna wabichi. Vijiti vya wapinzani vilipoangushwa kwa mara ya mwisho vijana wetu wakarukiana, na mama akanitazama usoni ili ajue kama hilo ni jambo la heri. Nilipomwambia tumeshinda, alimshukuru Mungu kwa sauti na mchele ukamwagika mkekani.

Mtangazaji akamsogezea kipaza sauti, akamuuliza anajisikiaje kwa ushindi huu. Mdogo wangu akavuta pumzi, akaanza, kwa matamshi yangu yale yale: kwanza anawapongeza wapinzani, leo wamecheza vizuri kuliko sisi. Mtangazaji akatabasamu, akamkumbusha kwa upole kwamba walioshinda ni timu yake. Nilimwona akitafuta, macho yanahangaika, nami nilijua hakuna anachoweza kukipata. Ya kushinda sikumtungia. Sikuisahau, haikunipitia kabisa akilini, mimi dada mtu, niliyekuwa nikiwaambia majirani wote kwamba namwombea dua. Akaomba samahani, akatoka kwenye kamera.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Ameshukuru," nikasema.

Alasiri haijaisha, kipande kile kilikuwa kwenye kila simu ya Bagamoyo. Hata binamu yetu wa hifadhini Saadani, ambako mtandao ni wa kubahatisha, alinitumia. Nilidhani watakaocheka ni wageni, kumbe wageni walishakisahau. Waliocheka ni sisi. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema, na wetu tulimtunza kwa vikaragosi vya kucheka machozi. Kwenye kundi la walimu wenzangu, watu ninaokunywa nao chai, mmoja aliandika: "Huyu alifundishwa na nani?" Niliizima simu.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, mdogo wangu akapiga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hujambo baba?"

Hajambo. Akanieleza taratibu kwamba unahodha amepewa mwenzake, kijana wa Dar aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea. Wamemwambia asichukie, ni kwa ajili ya sura ya nchi.

Nikamwuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Umeshinda, na wamekuondoa? Ungeshindwa halafu ukahutubia vizuri, wangekuacha? Nilifoka pale uani mpaka mama akachungulia mlangoni, nikawasema viongozi, nikawasema majirani, nikawasema walimu wa nchi nzima. Yeye alinisikiliza, hakunikatiza hata mara moja.

"Kucheza nitacheza, dada," akasema nilipochoka. "Kusema ndiyo atasema yeye."

Nyuma yake nilisikia wenzake wanaitana kwenda mazoezini.

"Dada, nikuulize kitu. Kwani wewe ulijua tutashindwa?"

Mimi ambaye nina maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili, ninayelipwa kwa ajili ya maneno, nililitafuta moja sikuliona.

"La," nikasema.

"Basi sawa," akasema, akaniuliza kama mama amekula.