Daktari Amepanda Cheo

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la kliniki ya wagonjwa wa akili, Homa Bay, nikisubiri dawa za shangazi yangu. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka Rodi Kopany. Alikuwa amefunga mkono wake na wa mwanawe, mwanaume mzima, kwa leso moja, ili asimponyoke njiani.

"Sista, yule daktari kijana ako?" mama alimuuliza muuguzi wa dirishani.

"Alienda kusomea ualimu wa madaktari na uongozi, mama. Akapita vizuri sana. Sasa ni mkubwa huko Nairobi, anafundisha wenzake."

Mama alitabasamu kana kwamba aliyepita ni mtoto wake. "Mungu Nyasaye amsaidie. Na hao anaofundisha, watakuja huku lini?"

Sista alianza kupanga kalamu zake upya mezani. "Wakimaliza, nao wanataka kusomea uongozi."

Mwana akavuta leso, macho mlangoni. Mama akakaza fundo kwa meno, akaketi naye kwenye benchi kungoja.

Sina ugomvi na mtu kupanda cheo. Nchi imepata kiongozi mwingine, na tunampongeza. Ila huku kwetu mgonjwa ameshikwa na leso, na lile fundo nililiona likilegea.