Chupa Isiyotikiswa

Mkubwa wangu pale maabara alikuwa amesoma Ulaya, na hakukosa kutukumbusha. Kazi yetu ilikuwa kutoa vinasaba kwenye damu. Unaivunja damu kwa dawa, unatia chembe za sumaku, ndogo kama vumbi, na vinasaba vinazing'ang'ania. Ukiuegesha mrija kwenye sumaku, chembe zinavutwa ubavuni. Unamwaga uchafu, unasafisha kwa spiriti, kisha unavibandua vinasaba. Ni kazi ya subira tu.

Lakini chembe hizo huhifadhiwa kwenye chupa ya dawa ya maji, nazo huzama chini. Usipoitikisa, unachota maji matupu. Mkubwa hakuitikisa. Nilimwambia kwa adabu, halafu nikamwambia tena kwa adabu zaidi.

"Mimi nimeanza kazi hii wewe hujamaliza sekondari," akanijibu bila kugeuka.

Majibu yakawa sufuri. Akasema ni umeme, hautulii. Tulipopata sufuri tena, akasema damu imepigwa jua njiani. Mwisho, damu ilipokwisha, akasema yenyewe ilikuwa mbovu, niende nikaombe nyingine.

Nikaenda Kagarama kwa mama mmoja mshonaji, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa wa damu wa kurithi tuliokuwa tukiuchunguza. Mama huyo alikuwa ameshatoa damu mara mbili. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni. Akaitoa taratibu.

"Ile ya kwanza mliifanyia nini?"

"Haikutoa majibu, mama."

"Na ya pili?"

"Hivyo hivyo."

Akakiweka kitambaa kando. "Dada, niambie ukweli. Damu yangu iko na nini? Tangu mliponipigia simu kuomba nyingine silali. Najua na mimi ninao ugonjwa wa mwanangu."

Hapo hasira ikanipanda. Sikuwa nimefikiria kwamba ukaidi wa mtu mmoja ungemfikia huyu mpaka kitandani kwake.

"Sijaona ubaya wowote kwenye damu yako," nikamwambia. "Sisi ndio tuliokosea."

Akakunja mkono wa gauni. "Hii ndiyo ya mwisho. Mkiimwaga, msirudi hapa."

Kesho yake niliwahi kufika kabla ya mkubwa. Niliitikisa chupa mpaka maji yakawa ya kahawia kama chai ya rangi, nikafanya kila hatua peke yangu. Chembe zikajikusanya kwenye ubavu wa mrija, weusi mzuri. Vinasaba vikapatikana, vingi na safi.

Mkubwa akaja, akainama kwenye kioo cha mashine ya kupimia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Unaona? Nilikwambia ile ya mwanzo ilikuwa mbovu."

Nikatoka nje kumpigia yule mama.

"Safari hii imekubali, mama. Tumepata tulichotaka, damu yako haikuwa mbovu."

"Kumbe shida ilikuwa nini?"

"Kuna chupa ya dawa. Haikutikiswa."

Nilisikia cherehani ikisimama. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu, mama."

Akakata simu bila kuaga, nami sikumlaumu.